Wapeni Wachoraji wa Mabango Ukuta wa Rusizi I

Mto Rusizi hauna muda mrefu wa kuwa mto tu. Ukitoka Ziwa Kivu kuanza safari yake ya kilomita zaidi ya mia moja kwenda Tanganyika, hapo hapo mdomoni mwa ziwa unageuka mpaka wa Rwanda na Kongo: upande mmoja Cyangugu ya zamani, leo Wilaya ya Rusizi, na ng'ambo yake Bukavu, iliyojitandaza juu ya rasi zake. Daraja la Rusizi I, ambalo wengi hulitaja kwa Kifaransa, Ruzizi Premier, ni la waenda kwa miguu kuliko la magari. Malori makubwa yana njia yao Rusizi II, mbele kidogo kwa kufuata mkondo. Hapa juu wanapita akina mama wenye mabeseni ya nyanya na samaki wa sambaza, wanafunzi, mafundi, na watu wanaokwenda kuwaona ndugu. Kila mmoja husimama, kwanza upande huu, kisha upande wa pili, mpaka karatasi zake zitazamwe. Akisimama hutazama, na anachowekewa kutazama ni tangazo la ushuru, katazo na bendera. Hoja yangu ni kwamba ukuta mmoja wa mahali hapo utolewe kwa maonyesho madogo ya picha za kuchekesha, zilizochorwa na mchoraji wa mtaani, mmoja wa wale wanaoandika mabango ya vinyozi na maduka ya Kamembe na Bukavu. Silitaji jambo hili kama pambo. Naamini picha ya namna hiyo ina kazi mpakani ambayo hakuna tangazo la serikali linaloweza kuifanya, na kwamba kazi hiyo hufanyika vizuri pale tu maonyesho yanapokuwa madogo na mchoraji yupo karibu.

Tuanze na Wakongo, maana ndio waliotuonyesha njia. Mwaka 1972 kijana aliyezaliwa Kinto M'Vuila alifika Kinshasa akapata kibarua kwa wachoraji wa mabango. Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe, na picha zake akazitundika nje, barabarani, mbele ya macho ya wapita njia. Kijana huyo ni Chéri Samba. Aliona kwamba mtu akikutana na picha tupu huitupia jicho na kuendelea na safari, lakini picha ikiwa na maneno husimama aisome, na akisimama mmoja husimama wa pili. Basi akaandika ndani ya picha, kwa Kifaransa na Kilingala, visa vya wanaume wanaojifanya matajiri, vya ndoa na nyumba ndogo, vya wakubwa wanaopenda kusifiwa. Mara nyingi alijichora yeye mwenyewe katikati ya kisa, ili asije akadhaniwa amejitoa. Mwaka 1978 yeye, mchoraji mwenzake Moke na wengine walioneshwa katika maonyesho ya Art Partout kwenye chuo cha sanaa cha Kinshasa, na mwaka 1989 picha zake zilipelekwa Paris kwenye Magiciens de la Terre. Baadaye, katika kazi aliyoipa jina linalouliza sanaa yetu ina mustakabali gani, alijichora pamoja na Picasso, kila mmoja na michoro yake, wakilikabili suala la nani mwenye ruhusa ya kuitwa msanii. Makumbusho ya Ulaya yamemtambua, na ni haki yake. Lakini jicho lake lilinolewa na foleni ya Kinshasa. Waliomfunza lini watu hucheka na lini hukunja uso ni wale waliosimama barabarani bila kulipa kiingilio.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na lugha yetu. Lubumbashi ya miaka ya 1970 ilikuwa na wachoraji waliotembeza kazi zao nyumba kwa nyumba, na wafanyakazi wa migodi wakazitundika sebuleni. Walichora Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini. Walichora Colonie Belge, mfungwa akichapwa viboko mbele ya mzungu. Picha hizo wenyewe waliziita ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili cha Shaba huku kinasa sauti kikizunguka. Kitabu kilichotoka mwaka 1996 kina picha pamoja na mazungumzo hayo. Tshibumba hakuwa mchekeshaji, na historia aliyoichora imejaa damu. Namleta hapa kwa sababu ya jambo moja: ukizitenga picha na maneno yake, unabaki na nusu. Kisa kiko kwenye rangi, lakini vilevile kiko katika kuulizwa, kujibu, kubishiwa na kurekebishwa. Picha ya kuchekesha inahitaji hayo zaidi. Anayeicheka peke yake kwenye chumba kimya huwa hajaimaliza kuiona. Anahitaji jirani wa kumwambia "huyo ni karani wa kule kwetu", na mwingine wa kukataa, na mchoraji wa kuapa kwamba hakumchora mtu yeyote maalumu.

Ndiyo maana nashikilia neno "madogo". Mwaka 2009 Banksy, mchoraji wa kuta wa Uingereza, alilijaza jumba la makumbusho la Bristol kazi zake za dhihaka, na zaidi ya watu 300,000 wakaja kuziona. Ni idadi kubwa, na kiingilio kilikuwa bure. Lakini kwa hoja yangu nalipenda zaidi jambo alilolifanya Oktoba 2019 huko Croydon, kusini mwa London. Alipanga vitu vyake vya kuchekesha ndani ya duka ambalo mlango wake haukufunguliwa hata siku moja. Watu walisimama njiani, usiku na mchana, wakachungulia dirishani wakibishana na wasiowajua. Hilo halidai jumba wala mhisani. Linadai mahali watu wanapopita na kitu cha kuwasimamisha. Kwetu hata gharama si kisingizio. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za kufunikia dari na rangi ya kung'arisha baiskeli, akauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, na hadi leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Rangi ya mafuta, kipande cha mbao na kivuli cha paa: hayo yote Kamembe yapo.

Sasa nifike kwenye pingamizi zito kuliko yote, ambalo mtu wa Rwanda ana haki ya kulileta kabla sijamaliza sentensi. Nchi hii inajua vibonzo vinaweza kufanya nini. Kuanzia mwaka 1990 gazeti la Kangura lilichapa maandishi na michoro ya kuwadhalilisha Watutsi, na wasomaji wakacheka. Redio RTLM nayo ilikuwa na watangazaji waliojua mzaha na muziki, na kwa mzaha huo huo iliwazoesha watu kusikia jirani zao wakiitwa wadudu, kisha mwaka 1994 ikawaelekeza wauaji. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, mwaka 2003. Kwa hiyo asije mtu akasema hapa kwamba kicheko siku zote ni dawa. Kicheko kimewahi kunoa panga. Anayependekeza picha za dhihaka umbali wa hatua chache kutoka daraja ambalo mwaka 1994 maelfu ya watu walilikimbilia, lazima aseme atatofautisha vipi kicheko na kicheko.

Naamini kipimo tunacho, na tumekirithi. Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi hazina: utani. Mchaga na Mpare ni watani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wazee husimulia kwamba utani mwingi ulizaliwa baina ya watu waliowahi kupigana au waliokutana kwenye njia za misafara, wageni kwa wageni. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako hathubutu kulisema. Anaweza kukunyang'anya kofia mbele za watu. Lakini ana masharti. Anakutania ukiwepo, macho kwa macho. Anajua kwamba utamjibu, tena pengine kwa kali zaidi, na hataruhusiwa kukasirika. Na ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika msibani, naye anashiriki kazi za mazishi huku akiendelea kukutania mpaka waliao wapate kupumua. Uweke mzaha wa Kangura kwenye mizani hiyo. Ulisemwa na upande mmoja dhidi ya upande usioweza kujibu. Ulisemwa nyuma ya mgongo wa waliosemwa. Na wenye mzaha ule hawakukusudia kwenda kumzika mtu, walikusudia azikwe. Hivyo mstari unaotenganisha mambo haya mawili haupiti kati ya mchoro mkali na mchoro mpole. Unapita kati ya dhihaka inayoweza kujibiwa na dhihaka isiyojibika. Gazeti au redio humfikia mtu asiyekuwa na pa kujibia. Maonyesho ya picha kumi na mbili, mchoraji akiwa ameketi kwenye kibao kando yake, yanajibika papo hapo. Mama aliyechorwa kama mchuuzi mwenye mdomo mrefu atamwambia mchoraji mbele ya foleni nzima kwamba naye ana pua ya kuchorwa, na foleni itamuunga mkono. Udogo wa maonyesho na kuwepo kwa mchoraji ndivyo vinavyoirudisha dhihaka kwenye utani.

Liko pia suala la sheria, nalo si gumu kama wengi wanavyodhani. Sheria ya makosa ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 ilikuwa na kifungu cha kumwadhibu mtu anayewadhalilisha viongozi kwa maneno, ishara, maandishi au vibonzo. Wakili mmoja alikipinga, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilikifuta kwa kuwa kinagongana na uhuru wa kutoa maoni. Kifungu kilichomlinda Rais kilibakizwa katika hukumu hiyo, ingawa siku chache baadaye Rais Kagame alieleza kwamba kwa maoni yake jambo hilo lingefaa kuwa la madai, si la jinai. Wachoraji wengi bado wanaogopa, na hofu haifutwi kwa hukumu moja. Sitamlaumu mchoraji wa Kamembe akichagua kumchora mbuzi anayeombwa karatasi za kuvukia badala ya kumchora ofisa anayeziomba. Kila mtu atamwelewa mbuzi. Mwaka 2012 wanaharakati wa Nairobi walichora kwenye kuta za katikati ya jiji tumbusi waliovaa suti, na hakuna Mkenya aliyehitaji kuelezwa kwamba tumbusi wale ni wabunge. Mchoro ule ulikuwa na hasira, na ulifaa kwa Nairobi ya wakati ule. Mpakani nadhani hasira haitasaidia sana. Kinachohitajika zaidi ni picha ambayo ofisa wa uhamiaji na mwanamke mwenye beseni wanaweza kuicheka pamoja, kila mmoja akijua kwamba ndani yake naye yumo.

Watakaosema kwamba huu si wakati wake, nawasikia. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na watu waliokuwa wakiishi kwa kuvuka kila siku walibaki kutazama ng'ambo. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa kundi la M23, na familia nyingi za pande zote mbili za mto hazijalala usingizi mzuri tangu hapo. Je, ni adabu kuzungumzia picha za kuchekesha mbele ya watu wenye msiba? Jibu langu linarudi kwa yule mtani wa matangani. Wazee wetu hawakusubiri matanga yaishe ndipo wamlete mtani. Walimleta matanga yakiwa katikati. Na tuangalie historia ya sanaa yenyewe. Chéri Samba hakuanza kuchora katika nchi yenye raha. Alianza chini ya Mobutu, katika uchumi uliokuwa ukiporomoka, na wateja wake walikuwa watu wenye njaa. Kinachokatazwa wakati wa msiba ni kumcheka aliyefiwa. Mchoraji ambaye ndugu zake wako ng'ambo hahitaji kufundishwa hilo na mwandishi wa gazeti. Yuko ndani ya msiba huo huo.

Kuna hatari nyingine ambayo naiogopa kuliko kutukanana, nayo ni ya wema. Rwanda imeshajifunza kutumia kuta. Kigali ina michoro mikubwa ya mradi wa Kurema Kureba Kwiga, mingine ikihimiza watu wasiwanyanyapae wenye virusi vya Ukimwi, na ni kazi nzuri iliyofanywa kwa mikono ya wachoraji hodari. Tatizo ni kwamba ukuta wowote ukipatikana, mfadhili hufika na ujumbe wake: nawa mikono, lipa ushuru, chanja mtoto. Mradi wa kuwezesha biashara ya Maziwa Makuu, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2015, uliziweka Rusizi I na Rusizi II kwenye orodha ya vivuko vya kuboreshwa, na ni jambo jema mchuuzi akipata njia yenye taa na kujua haki zake. Lakini picha ya kuchekesha ikipewa ujumbe wa kubeba, haichekeshi tena. Mtazamaji ananusa tangazo kutoka mbali. Mchoraji apewe ukuta bila kupewa somo la kufundisha. Akitaka kuchora sambaza walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, sasa wakiulizwa kibali cha makazi na mkaguzi wa samaki, mwacheni. Katika picha hiyo moja mna swali zima la nani mwenyeji na nani mgeni katika ziwa hili, na hakuna mtu aliyehubiriwa.

Wapo watakaodharau kazi yenyewe. Watasema mchoraji wa mabango hajasomea, vidole vya watu wake ni kama ndizi, na mgeni anayeingia Rwanda aonyeshwe sanaa ya jadi ya imigongo au kazi za majumba ya sanaa ya Kigali, kama Inema, lililofunguliwa mwaka 2012. Imigongo ni fahari na Inema imefanya mengi, lakini vyote viwili haviko kwenye njia ya mwanamke anayevuka Rusizi I. Kigali iko zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapa, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Na hiyo hoja ya vidole naikataa kabisa. Mchoraji wa bango ana nidhamu ambayo shule nyingi hazifundishi: lazima mtu aliye upande wa pili wa barabara atambue mara moja kwamba hapa pananyolewa nywele, tena atamani kunyolewa. Joseph Bertiers wa Kenya alianza kwa kuchora kuta za baa na maduka, na picha zake za baadaye, zilizosheheni walevi, wakubwa wa dunia na wapita njia waliobanana, zinasomeka mpaka pembeni kwa sababu ya mafunzo hayo hayo ya mtaani. Ambaye hajui kusoma anazisoma. Mpakani, ambako Kinyarwanda, Kimashi, Kifaransa na Kiswahili hukutana asubuhi hiyo hiyo, sifa hiyo ni kubwa kuliko umbo sahihi la kidole.

Maneno machache yatakayoandikwa ndani ya picha, naomba yawe ya Kiswahili kwanza. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2017, lakini kwenye mto huu ilikuwa ikifanya kazi zamani, bila cheo, katika kupatana bei. Ni lugha ambayo hakuna upande wa daraja unaoweza kudai ni yake peke yake, na kwa utani hakuna kilicho bora kuliko lugha ambayo pande zote mbili zimeiazima.

Usalama wa mpaka hautapungua. Picha hazitawekwa kwenye njia ya ukaguzi wala karibu na dirisha la muhuri, zitawekwa pale foleni inapoanzia, na zikiloa mvua zitabadilishwa, kama mabango yanavyobadilishwa. Gharama yake ni mbao, misumari, rangi na posho ya mchoraji anayekaa hapo mchana kutwa. Auze picha zake pia. Mtu akipenda ile ya mbuzi na akaweza kuinunua, aende nayo nyumbani, Kadutu ya Bukavu au Bugarama ya Rwanda, na mahali pake mchoraji atundike nyingine kesho yake.

Kwa hiyo naiomba Wilaya ya Rusizi, na naziomba mamlaka zinazosimamia upande wa Bukavu, zitoe ukuta mmoja kila upande kwa mwezi mmoja. Waiteni wachoraji wa mabango wa Kamembe na wa Kadutu, muwape nafasi ya picha kumi na mbili kila mmoja, msiwape mada. Kisha mkuu wa kituo aende siku ya kwanza, bila hotuba, asimame kwenye foleni kama wengine, na azitazame.